Skrubu ya Breki ya Mbele

Jumatatu, Machi 4

Kuna jambo nimelificha kwa miaka tisa. Ripoti niliyoandika kuhusu breki ya baiskeli iliyomwangusha binti wa dada yangu haikuwa ya kweli, nami nilijua hivyo tangu kalamu ilipogusa karatasi. Fundi aliyebebeshwa lawama kwa ripoti ile hakuwa na hatia. Nimeanza daftari hili ili ukweli uwe umeandikwa mahali kabla sijazimika.

Daktari anasema moyo wangu umechoka. Hakutaja miezi. Alisema tu nisipande ngazi, nisinyanyue ndoo, nisihamaki. Alipokuwa akisema, dada yangu mdogo alinitazama jinsi anavyotazama maziwa yaliyo motoni, kwamba akigeuza uso tu yatamwagika.

Wingu limefunga tangu asubuhi. Mvua bado.

Jumanne, Machi 5

Mvua imeanza. Sikuandika la maana.

Ijumaa, Machi 8

Muuguzi wa kliniki ameniletea kiti cha magurudumu. Ni mgeni mjini, ana miezi minne tu hapa, na anaongea na wagonjwa kana kwamba amewalea.

"Mwalimu, leo umepanda cheo," alisema. "Una gari na dereva."

"Dereva yuko wapi?"

"Si huyo hapo, dada yako?"

Wakanikalisha, wakanitoa nje nipunge hewa. Njia yetu kutoka mlangoni hadi getini ina mteremko. Dada alivuta breki, akaachia mikono ili afunge kanga yake vizuri, kiti kikaondoka nami. Nilisimamishwa na beseni la nguo. Maji ya sabuni yalinifika magotini.

"Dereva gani wa gari lisilo na breki!" dada alipiga kelele huku akinikimbilia. "Kingeshika kasi hiki tungekufuata mpaka sokoni!" Kisha akacheka, akacheka mpaka akakaa chini kwenye simenti yenye maji. Nami nilicheka. Sikumbuki mara ya mwisho tulipocheka pamoja.

Muuguzi aliichunguza breki akasema waya wake umekatika nyuzi. "Hospitali tuna fundi wa viti na vitanda. Wanamwita Kimya. Nitamtuma Jumatatu."

Jumatatu, Machi 11

Kimya ni Redio, yule fundi wa ripoti yangu.

Niliona kupitia dirishani. Dada alifungua mlango, mvua ikipiga juu ya bati. Fundi alikuwa amesimama nje ya paa, mkoba wa vifaa begani, maji yakimtiririka kidevuni. Ameota mvi. Nilipomfundisha, wenzake walimwita Redio kwa sababu hata kwenye mtihani alikuwa akinong'ona. Hospitali, ambako hawakumjua zamani, wamempa jina la pili.

"Shikamoo, Mama," alisema.

Dada hakuitikia. Katika maisha yangu sijawahi kumwona akinyima mtu marahaba.

"Nimetumwa na hospitali. Kiti kina breki mbovu."

"Breki," dada alisema. "Katika watu wote wa dunia hii, wewe ndiye unatumwa breki katika nyumba hii."

"Fundi wa viti niko peke yangu, Mama. Nikirudi, hakuna mwingine atakayekuja."

Dada alikisukuma kiti kibarazani akafunga mlango. Fundi alifanya kazi nusu saa. Aliweka waya mpya, akakipeleka kiti juu ya mteremko, akakikalia yeye mwenyewe, akavuta breki. Alirudia mara sita. Ya mwisho aliinua miguu yote miwili na kukunja mikono, akakaa hivyo mvuani kama mtu anayepigwa picha. Kiti hakikusogea.

Aliondoka bila kuaga.

Jumatano, Machi 13

Niandike ilivyokuwa, ili atakayesoma asipotee.

Dada alifiwa na mume akiwa na mtoto mmoja wa kike, wa miaka mitatu. Walihamia kwangu. Sikuoa. Mtoto yule aliniita Mjomba, lakini kadi za shule nilisaini mimi. Alipokua akaajiriwa na idara ya afya kubeba sampuli, damu na makohozi, kutoka zahanati za milimani mpaka maabara ya hospitali. Kilomita thelathini na moja za changarawe. Gari la idara lilikuwa likikwama kila masika, kwa hiyo zikaletwa baiskeli sita maalumu kwa barabara za aina hiyo, zenye matairi mapana na usukani uliopinda chini kama pembe za kondoo. Fundi aliyekabidhiwa kuzifunga na kuzitunza alikuwa Redio, mwanafunzi bora niliyepata katika miaka thelathini na miwili ya kufundisha somo la ufundi.

Breki za baiskeli hizo zilikuwa chotara, nusu waya nusu mafuta. Breki ya waya tunayoijua wote inafanya kazi hivi: unaminya mkono wa breki kwenye usukani, waya unavuta, pedi zinabana. Pedi zikilika, mkono unakwenda mbali, unakaribia kugusa usukani. Hapo unageuza skrubu ndogo ya kukazia waya, mara mbili au tatu, na ulegevu unaisha. Hilo nimelifundisha mpaka wanafunzi waliniigiza kwa vidole nikiwapa mgongo.

Katika breki zile mpya, waya ulitoka kwenye usukani kama kawaida, ila ukifika gurudumuni haukuvuta pedi. Ulivuta kijimkono kidogo, nacho kikasukuma mafuta yaliyofungiwa ndani ya kibanio, na mafuta ndiyo yaliyobana pedi kwenye sahani ya chuma. Kidole kimoja kilitosha kumsimamisha mtu na mzigo wake. Pedi zikilika, mafuta yenyewe yanajaza pengo. Ndiyo maana waya haukazwi kama wa zamani. Ukiukaza kupita kiasi, kijimkono hakirudi mpaka mwisho wake, na kitundu ambacho mafuta hupumulia kinabaki kimezibwa. Kwenye mteremko mrefu breki inapata moto, mafuta yanavimba, hayana pa kwenda. Yanabana yenyewe, hata ukiachia mkono.

Haya niliyajua baadaye, kwa kusoma karatasi za kiwanda.

Mpwa wangu alipokufa katika ajali, idara iliniletea baiskeli niikague, kwa kuwa hapakuwa na mwingine mwenye jina. Niliandika kwamba mafuta ya breki ya mbele yalikuwa na hewa, ikavimba kwa moto ikalikwamisha gurudumu, na kwamba hewa hiyo iliingia kwa uzembe wa aliyeifunga. Redio alifutwa kazi. Karakana yake ilifungwa kwa sababu hakuna aliyempelekea baiskeli tena. Dada alisema hataki kumwona mpaka anaingia kaburini.

Nimechoka. Mkono umekufa ganzi.

Alhamisi, Machi 14

Mvua. Miguu imevimba.

Jumamosi, Machi 16

Mvua. Muuguzi anasema maji yanajaa miguuni kwa sababu moyo hausukumi vizuri. "Yanaingia lakini hayapati pa kutokea, Mwalimu." Nilimwomba abadilishe mazungumzo.

Jumanne, Machi 19

Fundi amerudi kukaza waya wa kiti, maana waya mpya hulegea siku za mwanzo. Dada alikuwa kwa jirani. Nilimwita dirishani. Nilitarajia uso mkali. Kwa miaka tisa nimemwona mjini kwa mbali na kumkwepa, nikiamini kwamba ananichukia na kwamba chuki yake ni ya haki.

"Mwalimu, naomba niulize swali la darasani," alisema. Sauti yake imekuwa ndogo.

"Uliza."

"Vile vibanio vilikuja vimefungwa na kiwanda, mafuta yakiwa ndani. Sikufungua hata skrubu moja ya mafuta. Sasa ile hewa iliingilia wapi?"

Niliutazama mkoba wake wa vifaa.

"Sibishi," alisema haraka. "Uliandika ilikuwemo, basi ilikuwemo. Nataka tu kujua ilipitia wapi. Nimefungua vibanio vibovu kama hivyo kumi na viwili, nimevikata kwa msumeno, nimevichora. Sijaona pa kupitia. Mke wangu anasema nitakuwa kichaa."

Nilimwambia kifua kinanibana. Hakikuwa kinabana. Akaniomba radhi kwa kunichosha, akaondoka.

Ananiamini. Kumbe miaka yote hiyo hakuwa akinituhumu mimi, bali alikuwa akijituhumu mwenyewe, na ushahidi wake dhidi ya nafsi yake ni neno langu.

Jumatano, Machi 20

Sikula.

Ijumaa, Machi 22

Mvua imekata kwa muda wa saa mbili tu. Dada ameanika mashuka, ameyaanua, ameyaanika, ameyaanua.

Alhamisi, Machi 28

Muuguzi alikuja kunipima presha, na kama kawaida yake alileta na habari. Idara inarudisha wabeba sampuli. Baiskeli kumi na mbili zinafika katikati ya Mei, za namna ile ile, breki za namna ile ile. Wanatafuta fundi wa kuzitunza.

"Nikawaambia, si mna Kimya? Yule anafunga kitanda cha mgonjwa mpaka mgonjwa hataki kupona. Wakanitazama kama nimetukana. Wanasema ana doa. Jina lake limekatwa kwa wino mwekundu. Doa gani, Mwalimu? Wewe umezaliwa hapa."

Dada alikuwa mlangoni na sinia. "Aliua mwanangu," alisema, akaweka sinia mezani taratibu bila vikombe kugongana.

Muuguzi maskini alishika mdomo. Kamati inakaa Mei 15 kupitisha jina. Yaani bado wiki saba, na mimi sina hakika na wiki saba.

Jumanne, Aprili 2

Leo nitaandika asubuhi ile.

Ilikuwa kama saa kumi na mbili na nusu. Mpwa wangu alikuwa anakunywa chai amesimama, koti la mvua likiwa mkono mmoja ndani, mmoja nje. Baiskeli ilikuwa imeegemea meza ya kibarazani.

"Mjomba, breki ya mbele inakwenda mbali kidogo," alisema. "Jioni nitampitishia Redio aitazame."

"Kwa hilo tu? Kitu cha dakika moja hicho."

"Redio atanipigia kelele."

"Redio nilimfundisha mimi kushika bisibisi."

Alicheka. "Haya, Mwalimu Mkuu wa Breki." Akaingia ndani kutafuta kofia yake ngumu. Nilinyoosha mkono nikageuza skrubu ya kukazia waya, mizunguko mitatu. Nikaminya mkono wa breki. Ulikuwa mgumu, mzuri, karibu na vidole. Alipotoka akaujaribu, akasema, "Ahsante, Mjomba." Hilo ndilo neno lake la mwisho kwangu.

Walimkuta chini ya kona ya tatu ya mteremko mkubwa. Gurudumu la mbele lilikuwa limekwama kiasi kwamba waliibeba baiskeli ikining'inia. Sanduku la sampuli halikupasuka. Sampuli zote kumi na tisa zilipimwa siku ile ile.

Nilipoletewa baiskeli, niligusa kibanio nikaona kijimkono hakijarudi mwisho. Nilifunga mlango wa stoo. Niligeuza skrubu mizunguko mitatu kwenda nyuma, pedi zikaachia, gurudumu likazunguka. Kisha nikakaa nikaandika juu ya hewa.

Jumatano, Aprili 3

Mvua. Nimesoma nilichoandika jana. Nimekunja ukurasa.

Jumanne, Aprili 9

Fundi alikuja saa nne kukagua kiti. Mvua ilikuwa ya kupofusha. Dada alikuwa amekaa karibu nami akichambua mchele.

"Mruhusu aingie," nilisema.

"Hapana, Kaka."

"Ananyeshewa."

"Na mwanangu alinyeshewa. Walimleta amelowa."

"Mdogo wangu, mruhusu. Nina neno, na sina pumzi ya kulisema mara mbili."

Alienda akafungua mlango, akarudi kukaa bila kumkaribisha. Fundi aliingia akasimama juu ya kitambaa cha kufutia miguu, asichafue sakafu.

Nilisema. Nilisema kwamba breki ile haikuwa na hewa. Kwamba nilikuta waya umekazwa, na kwamba aliyeukaza ni mimi, asubuhi ile, kibarazani kwetu. Kwamba niliulegeza ndani ya stoo kabla ya kuandika, na kwamba ripoti nzima ni uongo.

Sinia la mchele lilibaki mapajani mwa dada. Aliyesema wa kwanza ni Fundi.

"Kwa hiyo haikuwemo?"

"Nini?"

"Hewa."

"Haikuwemo."

Alichuchumaa pale pale mlangoni. "Haikuwemo," alisema. Akasema tena. Akaanza kuhesabu vidole vyake kama mtu anayehakikisha vyote vipo, na mabega yakaanza kumtikisika. Nilidhani analia, naye alikuwa anacheka, kisha kweli akalia.

Dada hakumtazama. Alinitazama mimi.

"Kaka. Ulijua kwamba waya ule haukazwi?"

"Sikujua," nilisema. "Nilizoea breki za zamani."

Alinyanyuka, mchele ukamwagika wote, akaenda chumbani kwake.

Jumatano, Aprili 10

Dada hajasema nami. Dawa ananiletea kwa saa yake.

Alhamisi, Aprili 11

Hajasema nami.

Ijumaa, Aprili 12

Hajasema. Leo amenikata kucha. Alinishika kila kidole kwa nguvu kidogo kuliko inavyohitajika. Nimemjua miaka sitini na nane, na nilikuwa nikimwona kama mtu wa kuhurumiwa. Leo nimemwogopa.

Jumapili, Aprili 14

Alikaa kitandani pangu mvua ikinyesha, akasema bila kunitazama: "Ningekuwa nimekuua wewe, Kaka, kama ungejua. Naapa. Lakini hukujua. Mtu anakaza kitu ili kisimwangushe mtoto, kumbe ndicho kinamwangusha. Uongo wa ripoti nitakudai mbinguni. Hilo la kukaza, umesamehewa. Hukujua."

Akaniwekea mto vizuri.

Jumanne, Aprili 16

Nimeandika barua kwa kamati, kurasa mbili, nimesaini, Muuguzi ameichukua. Saini haifanani tena na yangu, ikabidi yeye na dada wasaini kama mashahidi. "Kwa miaka yangu yote kazini," Muuguzi alisema, "sijaona mgonjwa anayejiandikia dawa chungu hivi." Dada akajibu: "Hakujua." Amekuwa akiwaambia wote wanaokuja kunitazama, jirani, mchungaji wa mbuzi wa nyuma, muuza maziwa. Hakujua. Hakujua. Kila anapolisema, nafumba macho, na wao wanadhani nasinzia.

Jumamosi, Aprili 20

Mvua imemkuta Fundi getini. Dada alitoka na mwavuli, akaenda mpaka getini, akasimama naye. Sikusikia walichosema. Niliona fundi akiinamisha kichwa, na midomo ya dada ikisema neno moja ambalo najua lilikuwa marahaba.

Jumanne, Aprili 23

Tumekuwa watatu kwenye chai. Fundi ameanza kuongea. Alieleza jinsi kitanda namba saba hospitalini kinavyopanda chenyewe mgonjwa akiwa amelala, na dada akacheka mpaka akafunika uso kwa kanga.

"Sasa nimeelewa kwa nini walikuita Redio," alimwambia.

"Betri zilikwisha, Mama. Sasa zimewekwa mpya."

Ningeweza kufa leo na wote wangenilia vizuri.

Jumatatu, Aprili 29

Jibu la kamati limekuja. Muuguzi alilisoma kwa sauti, haraka mwanzoni, kisha polepole.

Kamati inashukuru kwa barua. Suala la hewa limeondolewa katika faili la fundi. Hata hivyo, fundi anayefunga breki ngeni ana wajibu wa kuwaonya watumiaji. Ripoti ya awali inaonyesha kwamba baiskeli tano zilikuwa na kikaratasi cha onyo kilichofungwa kwenye waya, na baiskeli ya marehemu haikuwa nacho. Kama kingekuwepo, mzee asingekaza. Kwa hiyo kifo kilitokana na uzembe wa fundi, ingawa wa namna nyingine. Jina lake halitapitishwa.

Ripoti ya awali ni ile yangu. Ni kweli niliandika hivyo: tano zinacho, ya sita haina.

"Watu gani hawa!" Muuguzi alisema. "Wameondoa mwiba mguu wa kulia wakauchomeka wa kushoto."

Ijumaa, Mei 3

Fundi alikuja na habari anayo tayari. Nilitegemea atagomba. Alikaa kwenye kigoda, mkoba wa vifaa miguuni.

"Wako sahihi, Mwalimu," alisema. "Nakumbuka nikiandika vikaratasi sita. Nakumbuka hata plastiki niliyovifunikia. Lakini mtu hukumbuka anachotaka kukumbuka. Cha sita labda nilikisahau mezani."

"Ungekiona mezani baadaye," dada alisema.

"Sikukiona. Ila labda nilikifagia pamoja na takataka." Alisugua magoti. "Ndiyo hivyo. Nilikuwa natafuta hewa, kumbe nilitakiwa kutafuta karatasi."

Dada aliweka mkono juu ya mkono wake. "Basi kila mmoja ana sehemu yake, mwanangu. Wewe ulisahau, yeye hakujua. Tuyaache."

Mwanangu, alimwita. Na yule mwanaume mzima mwenye mvi akatikisa kichwa kukubali kosa jipya, kwa adabu, kama alivyolikubali la kwanza. Niliona macho yake yakienda pembeni, kule yanakokwenda ya mtu anayeanza kutafuta upya. Atafagia ile karakana kichwani mwake mpaka afe.

Amani imeingia humu nyumbani, na ni mimi peke yangu ninayejua imeingilia mlango gani.

Jumamosi, Mei 4

Mvua nyepesi. Sikuweza.

Jumatatu, Mei 6

Leo nilifungua mdomo mara mbili. Mara ya kwanza dada alidhani nataka maji. Mara ya pili alikuwa amekwisha kuniletea.

Alhamisi, Mei 9

Sauti imekwenda. Kikohozi kimeichukua. Naongea kwa vidole. Muuguzi hafanyi mzaha tena, na hilo limeniambia zaidi ya daktari.

Ningeweza kuiacha hivyo. Wote wawili wamenisamehe kosa la mtu asiyejua. Nikisema lililobaki, dada atachukua msamaha wake, na kila alichonitendea kwa upole mwezi huu atakiona kama kitu alichoibiwa. Nitakufa katika nyumba ambayo hakuna atakayenishika mkono. Nikinyamaza, nitashikwa mkono.

Lakini kamati inakaa Jumatano.

Jumamosi, Mei 11

Mvua imekata tangu jana. Bati limenyamaza, nasikia hata kuku wa jirani.

Nimemwandikia dada kwenye kipande cha karatasi amwite Fundi, amwite na Muuguzi, waje leo mchana. Nitampa daftari hili alifungue ukurasa huu, alisome kwa sauti mbele yao, kwa kuwa mimi siwezi. Muuguzi aunakili ukurasa huu aupeleke kwa kamati kabla ya Jumatano. Nimeusaini pembeni.

Mdogo wangu, soma mpaka mwisho. Usisimame katikati ukanihurumia.

Machi 13 niliandika kwamba mambo ya breki ile niliyajua baadaye, kwa kusoma karatasi za kiwanda. Hapana. Aprili 2 niliandika kwamba nilinyoosha mkono nikageuza skrubu. Kuna nilichoruka kabla ya skrubu. Aprili 9 uliniuliza kama nilijua, nami nikakujibu. Wewe umelichukua jibu lile ukalitembeza kwa majirani, na kila nilipolisikia nilitamani mmoja wao akubishie.

Redio, hukusahau. Uliandika sita na ukafunga sita.

Mpwa wangu alipoingia ndani kutafuta kofia, nilikiona kikaratasi kwenye waya wa breki ya mbele, kimefungwa kwa uzi mweusi, kimefunikwa plastiki kisilowe. Mwandiko niliujua. Niliusahihisha tangu ukiwa na miaka kumi na mitano. Ulikuwa umeandika: Waya huu usikazwe kwa skrubu, mafuta yatakosa pa kupumua. Breki ikienda mbali, niite mimi. Nilielewa kila neno, na nilielewa ni kweli nilipokuwa nasoma, kwa sababu mitambo naijua. Nilichoshindwa kuvumilia ni hiyo niite mimi. Nilihisi imeandikwa ili niisome mimi, katika baraza langu, na mtu niliyemfundisha kushika bisibisi. Nikajiambia mizunguko mitatu si kitu.

Kikaratasi kilikuwepo. Nilikisoma mara mbili, nikaukata uzi kwa meno, nikakitia mfukoni, ndipo nikakaza.